Kioo cha Ngazi Kuu

Nimewahi kumwonea mwanamke wivu kwa sababu ya kioo. Wala si kwa sura iliyoonekana ndani yake, maana hilo lingeeleweka. Nilimwonea kwa kioo chenyewe, mbao zake na skrubu zake. Mwanamke huyo alikuwa msusi wangu, mama wa Kikongo kutoka Bukavu, mwenye saluni ya chumba kimoja Umbilo Road, kati ya fundi simu na duka la vipuri vya magari. Mimi ni Mkenya. Nilikuwa nikisomea shahada ya uzamifu katika umri ambao wenzangu nyumbani wanapokea mahari ya mabinti zao, na huo ulikuwa mwaka wangu wa tano Durban, nikiandika historia ya meli moja tu.

Kioo kilitazamana na mlango. Kilianzia karibu na sakafu kikapanda hadi juu ya kichwa cha mtu mrefu, na kwa ajili yake yule mama alikuwa na desturi. Akimaliza kukusuka hakukubali uinuke uende zako. Alikushika mkono, akakurudisha kinyumenyume mpaka mlangoni, akasema, "Sasa jiangalie muzima." Ulijitazama kuanzia viatu hadi utosi, naye amesimama kando amekunja mikono, na asipoona umetabasamu alikurudisha kitini afumue pale paliposhindikana. Mimi nimerudishwa mara mbili. Wengine walilalamika kwamba anawapotezea muda, lakini sikuona hata mmoja aliyehama.

Kwa mwaka mzima nilijitazama humo bila kukiona kioo. Fremu yake ilikuwa imefunikwa na picha za mitindo ya nywele, zimebandikwa kwa gundi ya karatasi pande zote nne. Jumamosi moja kabla ya Krismasi nikakuta amezibandua ili aweke mpya. Fremu ilikuwa ya mbao nyekundu iliyokolea, imechongwa kamba inayojisokota kuzunguka kioo chote, na katika kila pembe palikuwa na nyota ya ncha nane ndani ya duara. Nyota ile naijua kuliko ninavyoujua mwandiko wa mama yangu. Nimeitazama kwa lenzi katika picha za zamani, miaka minne mfululizo.

Kilikuwa kioo cha meli yangu.

Nasema meli yangu, kana kwamba niliirithi. Iliundwa Uingereza kwa ajili ya safari za kuja huku kusini, Cape na Durban, ikibeba watu waliobadilisha nguo mara tatu kwa siku na kulalamikia supu. Ilikuwa na ukumbi wa dansi, chumba cha kuvutia sigara na ngazi kuu iliyoshuka kutoka sitaha ya juu hadi kwenye ukumbi wa chakula, vioo vimepangwa ukutani ili bibi mwenye lulu shingoni ajione akiteremka. Vita vilipoanza serikali yao iliichukua. Ilifungwa gatini hapa hapa Durban, mafundi wakapanda na bisibisi na misumeno. Mazulia yakakunjwa, piano ikashushwa kwa kreni, viti vikafungwa kamba. Vilivyong'oka vilipelekwa maghalani. Visivyong'oka vilizibwa kwa mbao visivunjwe na mabuti. Ikapakwa rangi ya kijivu juu mpaka chini, mzinga ukawekwa nyuma, machela yakatundikwa juu ya meza za chakula, na vyumba vya watu wawili vikajazwa vitanda vya ghorofa mpaka darini.

Tangu siku hiyo haikutangaza tena safari zake. Ilipeleka askari kaskazini ikarudi na mateka wa Kitaliano. Ilikwenda Kilindini ikachukua askari wa Afrika Mashariki, ikawavusha kwenda Ceylon, na wengi wao walitoka huko wakaingia misitu ya Burma. Vita vilipokwisha iliwarudisha waliobaki. Ikapita tena Durban kuteremsha vitu vilivyochakaa, ikaenda kwao kupakwa rangi upya, ikabeba wahamiaji miaka michache, ikachoka, ikauzwa kuwa chuma chakavu. Hayo ndiyo maisha yake, na mimi nilikuwa nayo yote kwenye karatasi. Nilikuwa na ratiba za matengenezo, orodha za makaa na mafuta, barua za mabaharia kwa wake zao. Kitu cha kushika sikuwa nacho hata kijiko.

Babu yangu alikuwa mmoja wa wale waliopandia Kilindini. Hakuwa mtu wa kusimulia vita. Akiulizwa kuhusu Burma alisema kulikuwa na mvua. Meli ndiyo aliyoisimulia, na katika meli kisa kimoja: kwamba katikati yake palikuwa na ngazi pana iliyozibwa ukutani kwa mbao, na ubao mmoja ulikuwa umelegea, ukisukumwa unafunguka kama mlango, na nyuma yake palikuwa na kioo kirefu. Askari walipanga foleni kuchungulia. Zamu ya babu ilipofika aliona askari mwingine anamkodolea macho, akampigia saluti. Wenzake walimcheka mpaka Colombo. Hakuwa amewahi kujiona mwili mzima. Alituambia ndiyo siku aliyojua kwamba ana miguu mirefu, na kila aliposimulia aliinyoosha ile miguu mbele ya meko tuitazame.

Bibi, akiwa anamenya viazi, alikuwa akisonya. "Mwacheni na mke wake," alisema. "Alioa meli. Mimi niliolewa baadaye." Wajukuu tulicheka, lakini bibi hakuwa akitania sana. Babu alifariki nikiwa sekondari, akafa na meli yake kichwani, nami nikaichukua kutoka pale alipoiacha.

Sasa nieleze nilichokihisi kitini siku ile, nywele zangu zikiwa zimegawanywa nusu na chanuo limekwama kichwani. Haikuwa furaha. Mtafiti wa kweli angeruka, angemwambia yule mama, "Dada, unajua una nini hapa?" Mimi niliona moto kifuani. Kingekuwa mikononi mwa tajiri fulani juu Morningside ningenyamaza nikakubali, maana ndivyo dunia ilivyo. Lakini kilikuwa kwa mtu aliyeegemeza ufagio juu yake. Alikuwa amekipata kwa mzee mmoja aliyekuwa akifunga duka la vitu vikuukuu upande wa Clairwood, akakibeba kwa sababu kilikuwa kikubwa. Mimi nilihama nchi, nikaacha kazi, nikalala na makaratasi miaka mitano. Yeye alikuwa akitafuta kioo tu, akapewa hicho. Nilimchukia kwa dakika nzima huku vidole vyake vikinikanda kichwa.

"Uko unaona nini, Professa?" aliniuliza. Alipenda kuniita hivyo ijapokuwa nilimweleza kwamba sijafika.

"Naona vumbi," nikasema.

Ningeweza pia kujiuliza kioo kile kilishushwa lini, kabla babu hajapanda au baada ya kushuka. Ni swali ambalo ningemuuliza mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Sikujiuliza, kwa sababu nilikuwa nimeshaamua.

Kuanzia siku hiyo nikawa mgonjwa wa saluni. Nywele za kukaa miezi miwili nilizifumua baada ya wiki mbili nikarudi. Nilijifanya napenda mistari leo, kesho napenda twist, ilimradi nikae mbele ya ile fremu niguse kamba yake ya mbao nikijidai naokota kibanio. Ngozi ya kichwa iliniuma mpaka nikawa nalala kifudifudi.

"Professa, utabaki na upara," alinionya. "Uko na mwanaume mupya?"

"Sina mwanaume."

"Iko kitu," akasema, akacheka, akavuta nywele kwa nguvu kidogo.

Nikaanza kukisema vibaya. Nilimwambia kimefifia upande wa kushoto, kinawafanya wateja waonekane kama wana homa ya manjano. Nilimwambia saluni za mjini sasa zina vioo vyenye taa kuzunguka, na wasichana wanapenda kujipiga picha humo. Nilimwambia fremu ina dalili ya mchwa. Yote haya niliyasema kwa sauti ya rafiki. Yeye alinisikiliza akiendelea kusuka. "Hiki kioo iko na adabu," alijibu siku moja. "Vya mupya vinasema kila kitu. Mutu anakuja hapa amechoka, ameachwa, amefukuzwa kazi. Hataki kioo yenye mudomo."

Kilichonisukuma mpaka mwisho ni wazee wa meli. Ni kikundi cha wastaafu, wengi wao waliwahi kufanya kazi bandarini au baba zao walifanya, wanaokutana katika ukumbi wa kanisa kule Glenwood kubishana kuhusu rangi za mabomba ya moshi ya meli zilizokwisha kuyeyushwa. Walinikaribisha vizuri tangu mwanzo na kunipa biskuti. Mwaka huo waliandaa maonyesho madogo ya meli zilizopita Durban wakati wa vita, wakaniomba niandike maelezo ya ile yangu. Katika kikao kila mmoja alitaja atakacholeta. Mmoja alikuwa na dira ya baba yake. Mwingine alikuwa na kofia, mwingine kadi ya vyakula yenye doa la divai, mwingine seti ya vijiko. Walivitaja kwa kawaida tu, jinsi mtu anavyotaja kwamba ana mwavuli. Wivu ukanipanda tena, safari hii kwa watu saba kwa mpigo.

Mwenyekiti wao, mzee mpole mwenye kifaa cha kusikia, akanigeukia. "Na familia yako? Babu yako hakuacha chochote?"

"Tuna kioo," nikasema. "Cha ngazi kuu."

Wote walinigeukia. Mzee mwenye dira aliweka kikombe chini. Nilikuwa sijawahi kutazamwa hivyo katika ukumbi ule, na nilipenda, sitadanganya. Mwenyekiti alirekebisha kifaa chake akidhani hakusikia. Nikarudia.

Basi nikawa nimeahidi kitu kisicho changu, na zilibaki wiki tatu.

Nilinunua kioo kipya chenye taa, cha kutoka kifuani kwenda juu, nikamwambia yule mama kwamba ni zawadi; nitamwondolea hili gogo la zamani nikaliweke kwangu, maana mimi sijali mambo ya madoa. Ilikuwa asubuhi, saluni tupu, anafagia. Aliacha ufagio akanitazama.

"Unataka hiki?"

"Nakusaidia tu, dada."

"Unanisaidia." Alikigeukia kioo, akajitazama humo, akarudisha macho kwangu. "Sharp, sawa. Chukua."

Nilikuwa nimejiandaa kubembeleza wiki nzima. Nilipata madereva wawili Wakenya wa maroli ya Clairwood, wakaja na bakkie, pikapu waliyoazima kwa bosi wao, na yeye akavua kitenge alichojifunga kiunoni akakifunga kioo kwa mikono yake, pembe baada ya pembe, akiwaamuru wale wanaume kwa Kiswahili chake nao wakijibu kwa chetu. Tuliposimama kwenye robot ya kwanza, yaani taa za barabarani, niligeuka nikamwona bado yuko mlangoni. Nilimpungia mkono. Nilijisikia mshindi, na kisha nikajisikia vibaya, lakini ushindi ulitangulia.

Nyumbani kwangu, ghorofa ya pili, kioo kilichukua ukuta mzima wa sebule. Wale madereva walipoondoka nilisimama mbele yake kama tulivyozoea, nikarudi kinyumenyume mpaka mgongo ukagonga mlango. Nilikuwa nikimngoja babu. Ni jambo la kipuuzi kwa mtu msomi, lakini nilimngoja, nikanyoosha hata mgongo. Aliyeonekana ni mwanamke wa makamo mwenye miguu mifupi ya upande wa mama yake na ngozi nyekundu kwenye mistari ya nywele.

Ndipo nikafanya kazi yangu. Nilikilaza juu ya blanketi, nikafungua skrubu za ubao wa nyuma. Ndani ya ubao palikuwa na karatasi ya ghala iliyogandishwa kwa gundi, mwandiko wa penseli safi kabisa. Jina la meli. Ngazi kuu. Neno Durban na neno la Kiingereza la ghala. Tarehe ilikuwa ya mwezi ule ule mafundi walipopanda na misumeno, muda mrefu kabla babu hajatia mguu Kilindini. Kioo hiki ni miongoni mwa vile vilivyong'oka. Babu yangu alichungulia kile kilichoshindikana kung'oka, na hicho kiliishia kwenye uwanja wa chuma chakavu. Hiki kilipitisha vita vyote kimeegemezwa ukutani, labda kilomita tatu kutoka nilipokuwa nimepiga magoti.

Nilikaa sakafuni mpaka mguu ukafa ganzi. Nilikuwa nimemnyang'anya mtu kitu ambacho hata sikukihitaji. Mtu mwenye akili angekirudisha mchana huo huo. Mimi nilifikiria sura ya yule mzee mwenye dira alivyoweka kikombe chini, nikazirudisha skrubu moja baada ya nyingine.

Maelezo niliyoyaandika kwa ajili ya maonyesho yalikuwa mafupi, kwa Kiingereza kizuri. Kioo cha ngazi kuu. Mali ya familia ya mtafiti. Mbele ya kioo hiki babu yake, askari aliyekuwa njiani kwenda vitani, alijiona mwili mzima kwa mara ya kwanza. Sentensi tatu, na ya kwanza tu ndiyo ilikuwa kweli.

Maonyesho yalifunguliwa Jumamosi mchana. Watu walikuja wengi kuliko vijiko vilivyokuwapo. Walisimama mbele ya kioo, wakasoma, wakajitazama, na mwanamke mmoja mzee akanishika mkono na kuniambia kwamba ametokwa na machozi. Nilikuwa nikijibu maswali yao kuhusu babu nilipoona nguo ninayoijua: kitenge kile kile cha bluu na manjano, sasa kimeshonwa gauni lenye mabega ya juu. Sikuwa nimemwalika. Kumbe tangazo la maonyesho lilibandikwa hata kwenye duka la vipuri jirani yake. Alikuwa amefunga saluni Jumamosi, siku ambayo hata akiwa na malaria hufungua.

"Bonjour, ma chérie," akasema. Alinibusu mashavu yote mawili, akakigeukia kioo akakitazama kama anavyotazama mteja aliyesukwa kwingine. "Kumbe ulikileta huku. Kinapendeza. Walikipangusa muzuri."

Halafu akaweka kidole chini ya yale maelezo. "Nielezee. Hapa iko inasema nini?"

Inabidi niwaambie jinsi sisi Wakenya wa Durban tulivyo. Kiingereza chetu tunakibeba kama cheti. Wakongo wanakicheka Kiswahili chetu kwamba ni kikavu, na sisi tunajibu kimoyomoyo kwamba angalau tunaweza kusoma barua ya mwenye nyumba. Yule mama alikuwa akinipa barua zake nimsomee: za mwenye nyumba, za manispaa, za shule. Nilizisoma kwa sauti, nikatafsiri, nikaeleza hata yasiyohitaji maelezo. Haikuwahi kunipitia akilini kwamba anajua Kiingereza. Kwa hiyo pale ukumbini, watu wakipita nyuma yetu na vikombe vya chai, nilifungua mdomo bila hofu yoyote.

"Inasema kioo hiki kilitoka kwenye meli ya zamani," nikamwambia. "Kwamba kilitunzwa na mama mwenye saluni Umbilo. Na inakushukuru."

"Inasema merci?"

"Inasema."

"Wapi? Nionyeshe penye iko merci."

Nikaweka kidole juu ya neno. Nililichagua kwa sababu lilikuwa katikati.

"Hapo imeandikwa family," akasema polepole.

Hakupandisha sauti. Mtu aliyekuwa hatua mbili kutoka kwetu angedhani tunazungumzia nywele.

"Bukavu nilikuwa infirmière, nesi," akaendelea. "Miaka kumi na mbili hospitali. Dawa zote za misaada zinakuja na karatasi ya Kingereza. Ukikosea kusoma, mutu anakufa."

"Mbona ulikuwa unaniletea barua zako?"

"Sababu ulikuwa unapenda kuzisoma." Akaniondoa uzi begani, kwa mazoea. "Na nyuma ya kioo iko karatasi. Niliisoma siku fundi anafungua ule ubao apate kukitundika. Weye uliisoma?"

"Niliisoma."

"Babu yako aliingia kwa meli wapi?"

"Mombasa."

"Mbele ya ile tarehe, ama kisha?"

"Baadaye," nikasema. "Baadaye sana."

"Donc hakijamuona."

"Hakijamwona."

Alitikisa kichwa kidogo, kama daktari anayethibitisha alichokwisha kukijua. Nikamuuliza kwa nini basi alinipa, akijua yote hayo, akijua kwamba zile habari za mchwa na manjano zilikuwa uongo. Ndipo alipotabasamu kwa mara ya kwanza tangu aingie.

"Ulikuwa unakiangalia sawa mutu anaangalia bwana ya mwenzake. Kila wiki. Nikasema huyu rafiki yangu atagonjwa. Wacha achukue, roho itulie, siku moja ataniambia sababu." Akakigeukia kioo. "Mimi nilikipenda kwa kitu moja tu. Walikishusha hapa Durban siku mbili tatu, wakasema watarudi kukichukua. Hawakurudi. Kikatafuta kazi."

Nilisema samahani. Nilisema kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza, sijui kwa nini, kisha tena kwa Kiswahili. Alisubiri nimalize zote tatu.

"Kiache hapa, watu wanafurahi," akasema. "Bonne journée, Madame."

Alikuwa hajawahi kuniita hivyo. Madame ni neno analowaambia wakaguzi wa manispaa.

Jioni hiyo hiyo nilimfuata mwenyekiti akikusanya vikombe, nikamwambia kila kitu kwa mpangilio. Ilibidi nirudie baadhi ya mambo kwa sababu ya kile kifaa chake, na kukiri uongo kwa sauti ya juu si jambo ninalomtakia mtu. Alisikitika, lakini hakunifukuza. Aliniuliza kama ile karatasi ya ghala bado ipo, na nilipomwambia ipo alifurahi mno, akasema hicho ndicho kitu adimu kuliko vyote, ushahidi wa siku ile meli ilipovuliwa nguo zake. Tukaandika maelezo mapya. Tulitaja ghala, tukataja saluni ya Umbilo, tukaandika kwamba mwenye kioo ni mama aliyekiazimisha. Babu yangu hayumo. Wazee wale hawakuwahi kunitazama tena kama siku ile ya dira, na hilo nalo nililihisi.

Jumamosi iliyofuata nikaenda Umbilo kumwambia. Nilikuwa nimebeba nakala ya maelezo mapya ndani ya bahasha, nywele zangu zimefungwa kitambaa kwa sababu nilizifumua mwenyewe nikashindwa kuzisuka. Taa za kile kioo kipya zilikuwa zinawaka mchana. Kwenye kiti changu alikaa msichana wa Kikenya, mgeni chuoni, nilimjua kwa lafudhi kabla sijamwona uso. Yule mama alikuwa amemshika kichwa na kumwuliza kama ana mwanaume mpya. Msichana akacheka akasema hana. "Iko kitu, ma chérie," akamwambia. "Mimi sidanganywi."

Aliniona kupitia kioo. "Madame, leo tumejaa," akasema kwa adabu.

Viti viwili vilikuwa vitupu. Nilimwambia sikuja kusukwa, nimekuja kumwarifu kwamba maelezo yamebadilishwa na jina la saluni yake limo, na kwamba maonyesho yakiisha kioo kitarudi kwake. Akasema merci. Akaniomba bahasha niiweke pale juu ya meza, mikono yake ina mafuta. Nikaiweka kati ya chanuo na kopo la vibanio.

Nilipokuwa natoka nilisikia msichana akiuliza, "Huyo ni nani?"

"Ni mwalimu mumoja," yule mama akamjibu, vidole vikiendelea. "Anaandika juu ya meli."

Nikasimama nje, mbele ya fundi simu, nikijifanya natazama betri. Kupitia kwenye mlango nilimwona akimwinamia yule msichana sikioni, wote wawili wakacheka kicheko kile kinachomfanya mtu aegemee kiti. Nilimwonea wivu yule mtoto wa watu, wivu uliozidi wote niliowahi kuuona kwa kioo au kwa dira, na safari hii hapakuwa na kitu ambacho ningeweza kwenda kukinunua ili nibadilishane.